Joto la injini linanipanda mapajani na jaketi linanichemsha: nifanyeje?

*"Fundi, shikamoo. Naendesha bodaboda, Boxer 150, huu mwaka wa pili, Mbagala kwenda Kariakoo na kurudi, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku. Kipindi hiki cha jua kali nikikwama kwenye foleni, joto la injini linanipanda magotini na mapajani kama nimekalia jiko. Ikifika saa nane mchana pikipiki inakuwa nzito na gia zinagoma kuingia. Wenzangu kijiweni wanaimwagia injini maji, wengine wananiambia niweke oili nzito zaidi. Mimi navaa jaketi la ngozi la mtumba na kifuani naweka boksi ili nisipate nimonia, lakini nachemka hadi kichwa kinauma. Wapo wanaovaa kaptula na yeboyebo na naona wako sawa tu. Ugoko wangu wa kulia umeota madoa meusi kama wavu. Na hili naomba usinicheke: mimi na mke wangu tunatafuta mtoto wa pili, mwezi wa nane sasa, na nasikia joto la pikipiki linamaliza nguvu za kiume. Halafu juzi nilimshusha mama na mtoto wake, mtoto akaungua kwa ekzozi, tukampaka dawa ya meno. Niiuze hii pikipiki ninunue inayopozwa kwa maji?"*

Marahaba, mdogo wangu. Sikucheki hata kidogo. Nimefundisha ufundi na uendeshaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na maswali yako yote nimeshayasikia vipande vipande kutoka kwa vijana tofauti. Wewe umeyaleta yote pamoja, na umefanya vizuri, kwa sababu kiini chake ni kimoja: kuna mashine mbili zinazotafuta upepo, injini na mwili wako, na kwenye foleni ya Mtongani zote mbili zinaukosa kwa wakati mmoja.

Lakini tuanze na mtoto, kwa sababu huyo hawezi kusubiri. Kama una namba ya simu ya mama yake, mpigie leo. Dawa ya meno haipozi kidonda. Inaganda juu yake, inafungia joto ndani, na daktari akija kuisafisha mtoto anaumia mara ya pili. Kwa kuwa ni juzi, maji hayatasaidia tena. Kinachotakiwa sasa ni kituo cha afya wakamsafishe kidonda na kuangalia chanjo yake ya pepopunda. Asipelekwe kesho kutwa, na msimpasue malengelenge nyumbani. Siku nyingine yeyote akiungua na ekzozi, mpeleke kwenye bomba au chukua dumu la maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, mmwagilie taratibu kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni ndefu ukiwa barabarani na mtoto analia, najua, lakini ndizo zinazozuia moto usiendelee kushuka kwenye nyama. Ukichelewa kidogo bado yanasaidia, hata saa mbili au tatu baadaye. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichogandana, basi. Usipake mafuta, wala oili, wala ute wa yai, wala majivu. Na kama kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kiko kwenye kiungo kama goti, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na haisikii maumivu, au aliyeungua ni mtoto au ana kisukari, usijiulize mara mbili: hospitali.

Kwa nini ekzozi inaunguza haraka hivyo? Ngozi ikigusana na kitu cha nyuzi 44 inaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kuharibika. Kikifika nyuzi 60, zinatosha sekunde tano. Kikifika 70, sekunde moja. Bomba la ekzozi karibu na silinda hedi linapita nyuzi 200 bila shida yoyote. Yaani mguu wa mtoto hauhitaji kubaki pale, kupita tu kunatosha. Boxer yako, kama pikipiki nyingi zetu, ina ekzozi upande wa kulia, na sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Kwa hiyo abiria apande na ashukie kushoto, upande wa ukingo, ambako hakuna ekzozi na hakuna gari linalopita. Mwambie kabla hajanyanyua mguu. Na kama kile kibati cha kukinga joto kwenye ekzozi kimeng'oka, kirudishe wiki hii. Naona boda nyingi zimekiacha kwa sababu skrubu zilikatika, na skrubu ni kitu kidogo mno kulinganisha na kovu la mguu wa mtoto.

Sasa injini. Watu wengi wanadhani injini ikiwa ya moto basi ni mbovu. Hapana. Injini ya petroli ni jiko ambalo kwa bahati nzuri linasukuma gurudumu. Katika nguvu yote iliyomo kwenye petroli unayonunua, robo hivi, au zaidi kidogo ya hapo, ndiyo inayofika kwenye kazi. Iliyobaki yote ni joto: sehemu inatoka na moshi kwenye ekzozi, sehemu inatoka kwenye yale mapezi, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangana kwenye bloku na silinda hedi. Chukua hesabu hii. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9 za umeme, zile zile za LUKU. Ukienda kilomita 45 kwa saa na kuchoma lita moja katika saa hiyo, pikipiki yako inatoa joto sawa na pasi sita za umeme zilizowashwa kwa pamoja, katikati ya miguu yako.

Ukiwa unatembea huzihisi pasi hizo, kwa sababu upepo unapita kati ya mapezi na kuzibeba nyuma. Ndiyo maana mapezi yapo: kipande cha chuma cha ukubwa wa tofali kimepewa uso mpana ili upepo upate pa kugusa. Lakini simama. Injini ikiunguruma bila kutembea inachoma petroli kidogo, hata tuseme sehemu ya tano tu ya ile ya mwanzo. Hapo hakuna kinachokwenda kwenye gurudumu, kwa hiyo petroli yote inageuka joto, na upepo umekatika. Joto likikosa wa kulibeba linapanda juu, na juu yake kuna magoti na mapaja yako. Halafu kwenye foleni unabana klachi nusu, unasogea hatua tatu, unabana tena. Klachi yako inaoga ndani ya oili ile ile ya injini, na kila ikisuguana inaichemsha zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: ukiona foleni haitasogea kwa dakika nzima, zima. Usisikilize anayesema iache iungurume ipoe. Hiyo ni habari ya magari yenye feni na pampu ya maji, ambayo injini ikiwaka ndipo vitu hivyo vinapofanya kazi. Boxer haina feni, na kuungurumisha kwake ni kuongeza kuni. Zima, shuka, sogea pembeni penye kivuli kama kipo, na usiguse chochote cha chuma. Ikiwa imechemka kweli, mpe dakika 15 hadi 20.

Na maji? Nawaomba muache kabisa. Silinda hedi ni aluminiamu, na ndani ya bloku kuna silinda ya chuma. Metali hizi mbili zinapanuka na kusinyaa kwa kipimo tofauti. Ukimwaga maji ya dumu kwenye mapezi ya nyuzi 150, upande mmoja unasinyaa ghafla huku wa ndani bado umetanuka. Mara moja huenda usione kitu. Mara ya kumi hedi imepinda, gasketi inavuja, na wewe unalalamika kwamba oili inaisha haijulikani inakwenda wapi. Mvua ukiwa safarini haina tatizo, injini imetengenezwa kwa hilo: matone yanakuja kidogo kidogo na kugeuka mvuke. Kuosha pikipiki pia ni sawa, baada ya kuiacha ipoe mpaka uweze kuweka kiganja.

Ile dalili yako ya saa nane mchana ndiyo iliyonishtua zaidi. Joto la foleni ni la kawaida, ila pikipiki kuwa nzito na gia kugoma kila siku saa ile ile si kawaida ya Boxer ya miaka miwili. Oili ikipata joto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama maji, inashindwa kutenganisha vyuma, na klachi inayopata moto haiachii vizuri, ndiyo maana gia zinakwama na fri, yaani gia huru, inakuwa shida kuipata. Kwa injini inayopozwa kwa upepo, oili ndiyo mpozaji wa pili. Ndiyo inayochukua joto chini ya pistoni, mahali ambapo upepo haufiki. Kwa hiyo kabla ya kufikiria oili nzito, angalia ipo kiasi gani. Injini hizi zinabeba lita moja hivi tu. Ukipungukiwa robo lita umepoteza robo ya mpozaji wako. Na ujiulize umeimwaga lini mara ya mwisho. Ukitembea kilomita 120 kwa siku, siku 17 tu umeshapita 2000. Kwa kazi ya foleni, jua na vumbi, mimi sivuki hapo.

Oili nzito zaidi siikubali. Kitabu cha pikipiki kinakutajia daraja, na 20W-50 inayotumika sana huku kwetu tayari ni nzito ya kutosha. Ukizidisha unampa pistoni mzigo wa kusukuma uji, na huo nao ni joto. Angalia kitu kingine kwenye kopo: herufi JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Oili za magari madogo nyingi zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi ndani ya oili hiyo hiyo. Ikikosa msuguano inateleza, na ikiteleza inachemka. Kijana akiniambia amebadilisha oili na pikipiki ikawa nzito, kopo ndilo naliomba kwanza.

Yako mengine ya kumwambia fundi wako, na umwambie asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Apime tapeti, yaani nafasi za valvu. Zikibana sana, valvu ya ekzozi haifungi sawasawa, na valvu inapoza joto lake pale inapogusa kiti chake, isipogusa inaungua. Afungue plagi aitazame. Ikiwa rangi ya kahawia hafifu, mchanganyiko uko sawa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko wa namna hiyo unawaka kwa moto mkali. Hapa nakuuliza kwa upole: kuna mtu alikuwekea jeti ndogo, kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta, ili ubane matumizi ya mafuta? Wengi wamefanyiwa hivyo. Petroli unayookoa utailipa kwa pistoni. Au pengine ni mpira wa kabureta umepasuka na unavuta hewa. Aiweke pia kwenye stendi kubwa azungushe magurudumu kwa mkono, maana breki inayobana inaifanya injini ivute mzigo kutwa nzima.

Halafu apige magoti mbele ya injini atazame mapezi kwa tochi. Siku moja kijana aliniletea pikipiki yenye ugonjwa huu huu wako. Ilikuwa imeshabadilishwa oili mara mbili, plagi mpya, kabureta imesafishwa. Nilipoinama niliona katikati ya mapezi ya mbele hakuna nafasi: udongo mwekundu umechanganyika na oili iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo kwenye gasketi ya juu, umeokwa mpaka ukawa kama kigae. Nilichukua mswaki wa zamani na kijiti cha mbao, nikaloweka kwa mafuta ya taa, nikaanza kukwangua pezi moja moja. Yalitoka mabonge yenye umbo la pezi lenyewe, marefu kama kidole, laini upande mmoja. Injini ilikuwa imevaa koti zito, na mwenyewe yuko juu naye amevaa lake. Juu ya bampa alikuwa amefunga bango la plastiki lenye picha ya timu yake, limeziba upepo wote wa mbele. Tulilihamishia nyuma. Kama na wewe una plastiki au gunia mbele ya injini, liondoe leo.

Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo unapoipandisha mlima, ukiona moshi wa bluu, au ikizima yenyewe ikiwa ya moto na kupiga stata ni shida, usiendelee na kazi siku hiyo. Hapo injini imekaribia kunoki, yaani kufa kabisa, na kipato utakikosa kwa mwezi badala ya siku.

Tuje kwenye mavazi, mahali ambapo naona umejichanganya kwa nia njema. Nimonia haiji kwa upepo. Inaletwa na vijidudu, bakteria na virusi, vinavyoingia kwenye mapafu. Upepo wa alfajiri unakukausha na kukutia baridi, unaweza kukukaza misuli na kukutoa machozi, na vumbi na moshi wa malori vinaweza kukukohoza. Ila boksi kifuani halizuii kijidudu hata kimoja. Najua imani hii ilivyokita: niliwahi kulifungua jaketi la kijana aliyezimia kijiweni, boksi lilikuwa limelowa jasho hadi linachanika mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Kikohozi kinachopita wiki mbili, homa, au kifua kinachobana ukivuta pumzi, hayo ni ya kwenda kupima hospitali. Usiyatibu kwa kuongeza boksi.

Mwili wako unapoa kwa njia inayofanana sana na ya injini, ila wenyewe una jambo ambalo Boxer haina: jasho. Lita moja ya jasho ikikaukia mwilini inaondoka na joto ambalo mwili wa dereva hulitengeneza kwa kama saa tatu. Lakini zingatia neno *ikikaukia*. Jasho linalotiririka mgongoni na kulowesha boksi halijapoza kitu, umepoteza maji na chumvi bure. Ili likauke linahitaji upepo juu ya ngozi, na jaketi la ngozi lililofungwa hadi shingoni linazuia upepo huo kabisa. Dar mwezi wa kwanza na wa pili ni pagumu zaidi kuliko Dodoma, hata kama joto ni lile lile, kwa sababu hewa ya pwani imeshajaa unyevu na inapokea jasho lako shingo upande. Kichwa kinachouma ni mwili unakuambia umezidiwa.

Je, uvue ubaki na fulana? Hapana, na hapa ndipo pagumu kusema ukweli, kwa sababu hakuna vazi lisilo na kasoro. Ngozi ndiyo mlinzi bora ukiburuzika kwenye lami, sitakudanganya. Fulana haimalizi hata mita moja kabla ya kuchanika. Lakini dereva aliyechemka kichwa kinamzunguka, anachelewa kushika breki, na ajali ambayo jaketi lingemkinga ndiyo hiyo hiyo jaketi limemletea. Vazi linalofaa zaidi kwa joto letu ni jaketi la pikipiki la wavu mgumu, lenye vikinga mabegani na viwikoni. Upepo unapita, na mfupa una kinga. Jipya ni ghali kwa kipato cha boda. Kwenye mitumba ya Karume yanatokea, ukiwa na subira ya kupekua. Tafuta lebo iliyoandikwa EN 17092, kiwango cha Ulaya cha mavazi ya pikipiki, na herufi: AAA ndiyo kinga ya juu, kisha AA, kisha A. Bonyeza viwiko uone kama vikinga bado vimo, maana wauzaji huvitoa.

Ukilikosa, fanya hivi. Alfajiri vaa jaketi lako la ngozi, bila boksi, na ndani yake shati la pamba. Jua likianza kuwa kali, saa mbili tatu asubuhi, livue ulifunge nyuma, ubaki na shati jepesi la jinsi la mikono mirefu la rangi ya kung'aa, reflekta juu yake. Nunua vile vikinga vya viwiko na magoti vinavyofungwa kwa mikanda, uvae juu ya nguo. Sisemi hii ni sawa na ngozi, nasema utaivaa kila siku, na kinga inayovaliwa kila siku naipendelea kuliko ile inayobaki imening'inia kwenye kioo cha pikipiki. Rangi nyeusi nayo ina gharama yake: ukitembea huoni tofauti kubwa, ukisimama juani inakunywa joto lote.

Kofia ngumu haiingii kwenye mjadala huu. Ikifungwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 40 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 70 hivi. Ikikuchemsha kichwa, fungua matundu ya hewa, osha kitambaa cha ndani, na vaa kitambaa chembamba cha pamba chini yake. Ukisimama kabisa, vua.

Kaptula na yeboyebo: hao unaowaona wako sawa, waombe wakuonyeshe ugoko wa kulia. Kaptula inakupa upepo kidogo na kukuondolea kitu pekee kilichokuwa kati ya mguu wako na ekzozi. Suruali ya jinsi au ya pamba nzito isiyobana ndiyo nakushauri. Epuka traki ya nailoni na suruali nyepesi za plastiki za mvua karibu na ekzozi, kwa sababu haziungui, zinayeyuka, na zikiyeyuka zinagandana na ngozi na kuendelea kuunguza. Yeboyebo ni vivyo hivyo. Vaa kiatu kinachofunika kifundo. Na abiria wako wenye dera, kanga au baibui, wasaidie kukusanya nguo kabla hujaondoka: upande wa kulia kuna ekzozi, nyuma kuna mnyororo na spoku.

Vijana wetu wanaopeleka chakula kwa pikipiki Dubai na Muscat huniuliza mbona kule wakifungua jaketi wanazidi kuungua. Ngozi ya mtu ina kama nyuzi 35. Upepo wa Dar wa nyuzi 32 unakuondolea joto. Upepo wa nyuzi 42 unakuletea, na unalikausha jasho kabla hujalihisi. Kule kujifunika nguo pana kunaleta maana, na maji ya kunywa yanakuwa uhai wenyewe. Usichukue ushauri wao ukauvaa hapa.

Kuhusu maji, najua madereva mnajizuia kunywa ili msihangaike na choo. Kunywa glasi moja kila dakika 20 au 30 wakati wa jua, kidogo kidogo, na kama umetoka jasho sana changanya pakiti ya ORS mara moja kwa siku. Zile chupa za kuongeza nguvu zinakuamsha tu, deni la maji linabaki pale pale. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, umechelewa. Na mwenzako akianza kuongea visivyoeleweka, kupepesuka, mwili unawaka moto, hiyo ni dharura ya kuua. Mlazeni kivulini, mvueni, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, huku mkimkimbiza hospitali. Yale maji mliyokuwa mnamwagia injini, kazi yake ni hiyo.

Madoa ya ugokoni yanafanana na yale wanayopata watu wanaoota moto miguuni kwa miezi mingi: joto lisilofikia kuunguza, lakini linarudi kila siku mahali pale pale. Ukivaa suruali nzito na soksi ndefu na kurudisha kile kibati, huwa yanafifia polepole kwa miezi. Daktari wa ngozi ayaone kama hayafifii, na mapema zaidi kama pana kidonda kisichopona au uvimbe mgumu.

Sasa la mtoto wa pili. Tenganisha mambo mawili ambayo kijiweni wanayaita jina moja. Nguvu za kiume, yaani uume kusimama, zinategemea damu, mishipa ya fahamu na akili iliyotulia, na joto la injini halizimalizi. Kiti kigumu kwa saa 15 kinaweza kubana mishipa ya kati ya mapaja ukahisi ganzi. Ukihisi hivyo shuka, tembea, na kama inaendelea muone daktari. Mbegu ni jambo lingine. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu kazi yao inahitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Zikikaa kwenye joto kila siku, idadi ya mbegu inaweza kupungua. Lakini kwenye Boxer, tangi na kiti viko kati yako na injini, na joto jingi linakwenda magotini na ugokoni. Mimi nashuku zaidi chupi ya nailoni inayobana, kiti cha plastiki nyeusi kilichoachwa juani, na saa nyingi bila kushuka. Hizo unaweza kuzibadilisha leo: chupi ya pamba iliyolegea, kitambaa cha kitenge au taulo juu ya kiti, na kushuka kila baada ya safari. Mbegu mpya hutengenezwa kwa kama siku 74, kwa hiyo ujipe miezi mitatu kabla ya kutarajia tofauti.

Miezi minane bado ni ya kawaida kwa wanandoa wengi. Ukifika mwaka mmoja, au miezi sita kama mkeo ana miaka 35 au zaidi, nendeni wote wawili hospitali. Wote wawili, tafadhali. Kipimo cha mbegu ni rahisi na kinapaswa kuwa cha kwanza, mke asizungushwe kliniki peke yake huku mume yuko kijiweni. Na usinunue dawa za kuongeza nguvu barabarani.

Kuiuza? Sikushauri. Maji hayafuti joto, yanalihamisha tu kwenda kwenye rejeta, na kwenye foleni feni yake inakupulizia hewa ya moto miguuni. Utakuwa umeongeza pampu, mipira na feni vya kuharibika, na vipuri vyake si vya kila duka kama vya Boxer. Hata Harley-Davidson za Marekani, pikipiki za thamani kubwa, joto la silinda ya nyuma linawasumbua waendeshaji mapajani hadi kampuni ikaweka mfumo wa kuizima silinda hiyo pikipiki ikisimama. Ya umeme ndiyo pekee inayoondoa tatizo kutoka kwenye mzizi, kwa kuwa mota yake inapoteza nishati kidogo sana kuwa joto. Kama njia yako ya Mbagala ingekuwa na vituo vya kubadilisha betri karibu na kijiwe, ningekuambia ukae upige hesabu. Bila vituo, utapoteza siku ukisubiri chaji.

Anza na simu kwa mama wa yule mtoto. Kesho alfajiri, kabla hujaiwasha, fundi apime tapeti, oili na mapezi. Plagi ikitoka, usiifute. Ipige picha kwenye mwanga wa jua, karibu kabisa, ile ncha ya kauri ya ndani ionekane, unitumie. Rangi yake itaniambia kama shida iko kwenye kabureta au tutafute kwingine.